Msichana wa Sapporo Hajui Kusema Mũsyĩ

Mara ya kwanza kumsikia Hatsune Miku nilikuwa Kikima, Mbooni, ndani ya kibanda cha gemu chenye paa la mabati. Wenzangu walikuwa wanangoja zamu ya FIFA. Mimi nikapewa PSP yenye kioo kilichopasuka, na gemu moja tu ndani: Hatsune Miku: Project DIVA, ambayo Sega iliitoa Japani mwaka 2009. Kazi yako ni kubonyeza vitufe kwa mdundo huku msichana mwenye nywele za samawati akiimba. Nikauliza huyu msanii ni nani.

"Hakuna mtu hapo, bro."

Jibu hilo lilinikaa kichwani hadi nilipoacha chuo na kupata muda wa kulichimba.

Kumbe watu walikuwepo. Kompyuta ilianza kuimba mwaka 1961, Bell Labs ya Marekani ilipoifanya mashine ya IBM iimbe "Daisy Bell". Miaka arobaini na kitu baadaye Yamaha ikaunda Vocaloid, programu inayounga vipande vya sauti ya mtu halisi: unaandika maneno, unaweka noti, inakuimbia. Tarehe 31 Agosti 2007, Crypton Future Media, kampuni ya Sapporo, ikamtoa Miku. Sauti ni ya mwigizaji Saki Fujita, aliyerekodi silabi moja moja. Nyimbo zake nyingi zimetungwa na mashabiki. Machi 2010 "alitumbuiza" ukumbini Zepp Tokyo, yeye picha tu, bendi nyuma yake watu wenye jasho.

Nilimwonyesha susu, nyanya yangu, video ya shoo hiyo. Nilidhani atacheka. Akasema, "Hii ni kama kilumi."

Kilumi ni ngoma ya kale ya Wakamba, ya uganga na mvua. Ngoma ikikolea, aimu, yaani roho za wahenga, humpanda mchezaji, naye akaongea kwa sauti isiyo yake. Pale mwili unaazimwa na sauti. Kwa Miku, sauti imetafutiwa mwili. Hata Kakai Kilonzo wa Kilimambogo Brothers, aliyefariki 1987, bado anaimba kwenye matatu zetu. Sisi tumezoea sauti zisizo na wenyewe.

Basi nikajaribu kumfunza Miku Kikamba. Kijapani kina irabu tano kama Kiswahili, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu, kwa hivyo "habari" ilitoka safi kabisa. Kikamba kina irabu saba. Nilipotaka aseme mũsyĩ, yaani nyumbani, alitoa kitu kama mushi. Kwa Kijapani mushi ni mdudu. Nilicheka, halafu nikanyamaza.

Dawa ilikuwepo: UTAU, programu ya bure iliyotoka 2008, inayokuruhusu kurekodi sauti yako ama ya mtu wako. Nikamkalisha susu chini ya mwembe, simu mkononi. Ma, mĩ, mũ. Tulifika silabi arobaini hivi, akauliza tunafanya nini hasa. Nikamwambia: hata usipokuwepo, utaimba chochote nitakachoandika.

Akafikiria. "Kwa kilumi, ngoma ikinyamaza, roho inaenda zake. Hii yako inanyamaza lini?"

Sikuwa na jibu. Fujita alijua anarekodi nini, akakubali. Kakai aliimba nyimbo alizozichagua mwenyewe. Leo akili bandia inaweza kuiga sauti ya mtu kutoka kwa rekodi fupi tu, na marehemu haulizwi. Natamani sana Kikamba kiimbe kwenye mashine, kwa sababu lugha isiyo humo itazidi kutamkwa kama mdudu. Lakini swali la susu linakuja kwanza.

Zile silabi arobaini bado ziko kwa laptopu yangu. Alisema nizitumie kufundishia watoto matamshi, nyimbo ataziimba mwenyewe. Na anaziimba, jioni, akichambua pojo. Mimi huweka simu mbali.