Saratani ya utumbo mpana: Yanayomkabili mgonjwa baada ya matibabu

SARATANI ya utumbo mpana na puru inapotajwa, mazungumzo aghalabu huanzia kwenye dalili na kuishia kwenye upasuaji. Yanayofuata baada ya nyuzi kutolewa na mgonjwa kurejea nyumbani hayapati nafasi, ilhali ndiyo yatakayomshughulisha kwa miaka mingi.

Ugonjwa huu ni wa tatu kwa wingi miongoni mwa saratani zote duniani. Kwa mujibu wa takwimu za shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, zaidi ya watu milioni 1.9 walipatikana nao mwaka wa 2022 na takriban 900,000 wakafariki. Humu nchini, jina lake liliingia vinywani mwa wengi mnamo Julai 2019 alipofariki mbunge wa Kibra, Ken Okoth, akiwa na umri wa miaka 41. Marehemu alikuwa ametangaza waziwazi kwamba alikuwa na saratani hiyo na kwamba ilikuwa imefikia hatua ya nne. Uwazi wa aina hiyo ulikuwa jambo geni, kwani maradhi ya sehemu hiyo ya mwili huonewa haya hata mbele ya daktari.

Haya hiyo haimwachi mgonjwa anapopona. Na wanaopona si haba: ugonjwa unapogunduliwa kabla haujatoka nje ya utumbo, takriban wagonjwa tisa kati ya kumi nchini Marekani huwa hai miaka mitano baadaye. Swali ni kwamba, wanaishi vipi?

Jambo linaloogopwa zaidi ni mfuko wa kinyesi. Pale uvimbe unapokuwa chini kabisa ya puru, huenda daktari akalazimika kuondoa puru pamoja na njia ya haja kubwa, kisha ncha ya utumbo ikatolewa kupitia tundu tumboni na kufunikwa kwa mfuko. Upasuaji wa namna hiyo ulielezwa na Ernest Miles, daktari mpasuaji wa London, mwaka wa 1908, na ungali unafanywa. Wengine huwekewa tundu la muda tu, ili mshono wa ndani upate kupona.

Mfuko haumzuii mtu kufanya kazi, kusafiri wala kuoga. Kinachomzuia ni hofu ya mfuko kuvuja au kutoa harufu akiwa ndani ya matatu, kanisani au matangani. Ngozi inayozunguka tundu nayo huchubuka, hasa kinyesi kinapokuwa majimaji. Mifuko ni ghali na hubadilishwa kila baada ya siku chache. Asiyeimudu hulazimika kujistiri kwa vitambaa au mifuko ya kawaida, na hapo vidonda na fedheha huzidi. Muuguzi aliyefunzwa utunzaji wa tundu, anayemwonyesha mgonjwa mahali litakapokuwa hata kabla ya upasuaji, humpunguzia dhiki kubwa. Wauguzi hao ni wachache mno nje ya hospitali kubwa.

Kwa Mwislamu kuna jambo la ziada, nalo ni twahara. Utafiti uliofanywa Uturuki na kuchapishwa mwaka wa 2002 ulionyesha kuwa baadhi ya waliowekewa mfuko wa kudumu walipunguza au kuacha kuswali na kufunga. Hata hivyo, wanavyuoni wengi humhesabu mtu huyo kuwa mwenye udhuru, hivyo hutawadha wakati wa swala unapoingia na kuswali hata kama kinyesi kinaendelea kutoka. Neno moja la imamu huenda likamfaa mgonjwa wa aina hii kuliko chupa ya dawa.

Kinyume na dhana ya wengi, anayeepuka mfuko si lazima awe amenusurika. Puru ndiyo ghala linalohifadhi kinyesi hadi mtu apate nafasi ya kwenda msalani. Inapokatwa, hata utumbo ukiunganishwa upya, ghala hilo huwa limepotea. Mgonjwa hujikuta akienda haja mara nyingi kwa siku, akirudi chooni dakika chache baada ya kutoka, akishindwa kutofautisha upepo na kinyesi, au akijichafua kabla ya kufika. Kinaya ni kwamba mateso haya huanza siku ile tundu la muda linapofungwa, siku ambayo familia nzima inasherehekea.

Mwaka wa 2012, watafiti wa Denmark walichapisha kipimo chenye maswali matano kuhusu hali hiyo. Alama zake hufika 42, na anayepata 30 au zaidi huhesabiwa kuwa na tatizo kubwa. Kabla ya hapo, madaktari wengi walimuuliza mgonjwa iwapo saratani imerudi, wala si iwapo anaweza kukaa ibadani saa moja bila kutoka. Jopo la Cochrane, ambalo hupima ushahidi wa tafiti mbalimbali, lililinganisha wenye mfuko wa kudumu na wasio nao mwaka wa 2005 na tena 2012. Halikupata msingi thabiti wa kusema kuwa wasio na mfuko wana maisha bora. Mgonjwa anayekubali kufa mradi asiwekewe mfuko anastahili kuelezwa hilo mapema.

Tatizo hili hupunguzwa kwa dawa za kuzuia kuendesha kama vile loperamide, kwa mazoezi ya misuli ya nyonga, kwa kuchunguza vyakula vinavyochochea tumbo, na kwa wengine kwa kuosha utumbo kwa maji kwa utaratibu maalumu. Wengi huona nafuu katika mwaka wa kwanza, ijapokuwa baadhi hubaki nalo.

Neva zinazoongoza tendo la ndoa na mkojo hupita kando ya puru. Mbinu ya upasuaji iliyoelezwa na Bill Heald wa Uingereza mwaka wa 1982, ya kuondoa puru pamoja na mafuta yanayoizunguka yakiwa mzima mzima, ilipunguza kurudi kwa saratani na vilevile kuwawezesha wapasuaji kuziepuka neva hizo. Hata hivyo hatari haijaisha. Mwanamume huenda akapungukiwa nguvu za kiume. Mwanamke huenda akapata maumivu na ukavu ukeni, na mionzi ya nyonga humfikisha kwenye ukomo wa hedhi kabla ya wakati. Anayetaka kuzaa hana budi kulizungumzia suala hilo kabla ya matibabu. Hili si jambo dogo barani Afrika, ambako wagonjwa wengi hugunduliwa wakiwa na umri mdogo kuliko wenzao wa Ulaya.

Tibakemia nayo huacha alama. Dawa ya oxaliplatin husababisha ganzi na kuwashwa vidoleni, na yaweza kudumu miaka kadhaa. Fundi cherehani asiyeihisi sindano amepoteza riziki, ingawa vipimo vyake vyote vya saratani ni safi.

Tukija kwa afya ya akili, hofu kuu ni ya saratani kurudi. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa wengi ambao ugonjwa huwarudia hurudiwa katika miaka mitatu ya kwanza, na ndiyo maana hupimwa damu kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Kadiri siku ya kipimo inavyokaribia ndivyo usingizi unavyopotea. Tumbo likiuma kidogo, mtu huhisi mauti yamebisha hodi.

Unyogovu ni jambo jingine. Dalili zake, kama vile uchovu na kukosa hamu ya chakula, hufanana na za matibabu yenyewe, hivyo huweza kupita bila kutambuliwa. Mara nyingi hujitokeza matibabu yanapokamilika: ziara za hospitalini zimepungua, wageni wamekoma kuja, na madeni ya harambee na shamba lililouzwa ndiyo yaliyosalia. Wanaume ndio wagumu zaidi kusema. Mke au mume anayemuuguza hupatwa na msongo vilevile, wala hakuna anayemwandikia kadi ya kliniki.

Kuutambua unyogovu hakuhitaji mitambo. Maswali mawili hutosha kwa kuanzia: katika majuma mawili yaliyopita, umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Umejihisi mwenye huzuni au aliyekata tamaa? Maswali hayo na dodoso lake refu la maswali tisa yalijaribiwa magharibi mwa Kenya miongoni mwa wenye virusi vya HIV, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2009 yakaonyesha kuwa yanafaa. Ushauri nasaha, vikundi vya waliopitia ugonjwa huo huo na dawa za kutibu unyogovu husaidia.

Mazoezi pia yamepata uzito mpya. Mnamo 2025, matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao kutoka Canada na Australia, yalichapishwa. Waliofuata mpango wa mazoezi chini ya usimamizi kwa miaka mitatu baada ya tibakemia walizidi kuishi: miaka minane baadaye, asilimia 90 walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 83 ya waliopewa vijitabu vya ushauri pekee. Mwendo wa kasi kwa miguu ulitosha kwa wengi.

Kwa waliofikia hatua ya kuwazia kujitoa uhai, kikwazo kimoja cha kisheria kimeondolewa. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kilitangazwa na Mahakama Kuu jijini Nairobi kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Mgonjwa anayemweleza daktari kuwa alijaribu kujidhuru sasa anahesabiwa kuwa anayehitaji tiba.