Mashine ya kupolishi rangi ya gari
Ni chombo cha umeme kinachozungusha sponji yenye dawa ili kuondoa mikwaruzo na ukungu wa jua kwenye bodi. Aina kuu ni mbili. Ya mzunguko mmoja hukata haraka, lakini hulimbikiza joto mahali pamoja: mkono ukizembea kwenye kona ya boneti, klia, yaani tabaka angavu linalofunika rangi, huungua na rangi ya chini hutokeza. Ya mizunguko miwili huzunguka huku ikiyumba, kwa kawaida milimita 8 hadi 21. Kazi huchukua muda zaidi, ila ni vigumu kuunguza rangi. Klia ya kiwandani mara nyingi haizidi mikroni 50, na ikishaliwa hairudi mpaka gari lipulizwe upya.

Anayenunua mashine hii kwa kazi ya Juba akumbuke kuwa huo ni mji wa vumbi jekundu, jua kali na umeme wa jenereta. Kwa hiyo mashine iwe ya volti 220 hadi 240, yenye kidhibiti kinachoshikilia kasi hata ikikandamizwa. Gari lioshwe vizuri kwanza, kwani punje moja ya mchanga chini ya sponji huchora miduara mlango mzima, kisha likae kivulini hadi bati lipoe. Kwa fundi anayeanza, ya mizunguko miwili ndiyo ya kununua.