Baraza la Balakirev

Katika miaka ya 1860, mjini Saint Petersburg, palikuwa na baraza la watunzi ambamo karani wa serikali, mwanamaji, mhandisi wa ngome na profesa wa kemia walisikilizishana tungo zao za ala. Hapakuwa na hata mmoja miongoni mwao aliyekula kwa muziki. Majina yao ni Mussorgsky, Rimsky-Korsakov, Cui na Borodin. Leo ni majina makubwa, lakini wakati ule walikuwa wanamuziki wa ridhaa tu.

Mwenye baraza alikuwa Mily Balakirev, mzaliwa wa Nizhny Novgorod, aliyehamia mji mkuu mwaka 1855. Yeye naye hakupita chuo cha muziki. Mji ule haukuwa nacho hadi 1862, Anton Rubinstein alipokifungua. Balakirev alijifunza kwa kuzichungua kazi za mabingwa, na ndivyo alivyowafundisha wenziwe. Waliketi wawili kwenye piano moja, wakazipiga simfonia za Beethoven na kutazama zimejengwaje.

Namna yake ya kuhakiki imesimuliwa na Rimsky-Korsakov katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1909 akiwa amekwisha kufa. Mtunzi akileta kazi, Balakirev aliitambua kasoro papo hapo. Hakutosheka kuitaja; aliketi kwenye piano akaonyesha kwa vidole vyake jinsi pahala pale palivyopaswa kuwa. Hiyo ilikuwa neema, kwani mtunzi mchanga aliisikia dawa kwa masikio yake, na katika muziki maelezo ya mdomo hayafiki mbali. Lakini Balakirev alitaka marekebisho yaandikwe vilevile alivyoyapiga yeye, hata ikawa ndani ya tungo za wenziwe mna vipande vizima vilivyo vyake. Mtunzi aligeuka mwandishi wa imla.

Rimsky-Korsakov aliingia barazani mwaka 1861, kijana wa miaka 17 wa chuo cha wanamaji, akatakiwa moja kwa moja atunge simfonia, ilhali hata kanuni za upatanifu wa sauti hakuwa amezisoma. Mwaka uliofuata alisafiri na jahazi la kivita Almaz. Jahazi lilipotia nanga Gravesend, Uingereza, alitunga sehemu ya polepole bila ya piano, akaitia katika posta. Balakirev alijibu kwamba ndiyo sehemu bora kuliko zote, na juu ya sifa hiyo akaongeza mapendekezo ya kuibadili. Simfonia ilipigwa Desemba 1865, Balakirev akiongoza, na hadhira ikastaajabu kumwona mtunzi akija kupokea makofi katika sare ya jeshi la majini.

Borodin alivumilia miaka mitano ya masahihisho, 1862 hadi 1867, kwa simfonia yake ya kwanza. Alikuwa mtu wa maabara, aliyekwisha zoea kurudia jaribio.

Mussorgsky hakuwa hivyo. Juni 1867 aliandika kwa siku chache mno kazi ya orkestra kuhusu usiku wa wachawi mlimani. Balakirev aliikataa, akataka ibadilishwe ndipo aipige. Mussorgsky hakukubali kuugusa mpango wake, na mpaka alipofariki 1881 hakuwahi kuisikia ikipigwa na orkestra. Wa kulaumiwa hapa ni mhakiki. Ukali ule uliomfaa Borodin haukumfaa mtu ambaye ukwaru wa sauti ulikuwa ndio makusudio yake, na Balakirev hakuwa na kipimo kingine ila ladha yake mwenyewe.

Mwaka 1871 Rimsky-Korsakov aliitwa kufundisha katika chuo kilekile cha Rubinstein. Ndipo alipotanabahi kwamba miaka kumi ya kusahihishwa ilimpa tungo, haikumpa elimu: angeweza kuunda simfonia, lakini mazoezi ya wanafunzi wake yalimshinda. Akajifungia na vitabu, akasoma kwa siri mbele ya darasa lake. Mwaka 1884 aliifumua ile simfonia ya ujana, akaipandisha kutoka ufunguo mgumu alioiandikia awali hadi ufunguo mwepesi kwa wapigaji.

Miaka miwili baadaye aliichukua kazi ya wachawi ya marehemu rafikiye, akailainisha kwa mkono wake mwenyewe. Hiyo ndiyo dunia iliyoizoea. Noti za Mussorgsky, kama alivyoziandika mwaka 1867, zilichapishwa mwaka 1968.