Magogo ya Greensted

Ukitoka juani kuingia kanisa la Mtakatifu Andrea, Greensted, katika kaunti ya Essex nchini Uingereza, itakubidi usimame kidogo mlangoni mpaka macho yazoee giza. Ndipo kuta zinapojitokeza: magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa kati kwa kati na kusimamishwa wima, mgongo nje, ubapa ndani. Alama za tezo bado zinaonekana. Kila gogo lina mfereji ubavuni, na baina ya gogo na gogo kumechomekwa ubao mwembamba, upepo usipenye.

Zamani iliaminika kwamba kanisa hili ni la mwaka 845. Mnamo 1995 wataalamu walihesabu maduara ya ukuaji wa kila mwaka yaliyomo ndani ya mbao. La mwisho lililosalia lilikuwa la 1053, ila seremala alishachonga mbao laini ya nje, nayo ikaenda na miaka yake. Wakikadiria, miti hiyo haikukatwa kabla ya 1063. Karne mbili zikafutika hivyo hivyo! Mimi sioni hasara: hata kwa hesabu hiyo, kanisa linatajwa kuwa jengo la mbao kongwe kuliko yote Ulaya ambalo bado limesimama. Tena uchimbaji wa 1960 ulikuta chini ya sakafu dalili za majengo mawili ya mbao yaliyolitangulia.

Lakini magogo hayo si mazima. Mti uliosimikwa huozea mguuni, penye unyevu wa ardhi, na haya hayakusalimika. Mwaka 1848 kasisi Philip Ray aliagiza yang'olewe, sehemu zilizooza zikatwe, kisha yarudishwe juu ya boriti mpya ya mwaloni iliyolazwa kwenye msingi wa matofali. Wapo wanaolalamika kwamba ukarabati wake ulipita kiasi. Huenda. Ila asingeyakata, ukuta wenyewe usingekuwapo wa kulalamikiwa.

Ray huyo huyo hakuwapenda majirani zake fulani, vibarua wa kijiji cha Tolpuddle waliopelekwa uhamishoni Australia mwaka 1834 kwa kula kiapo cha chama cha wafanyakazi. Waliposamehewa na kurudi, baadhi yao walipatiwa mashamba karibu na hapo. Mmoja wao, James Brine, alimwoa Elizabeth Standfield, binti wa mwenzake, ndani ya kanisa hilo mwaka 1839. Magogo yaliyoishuhudia ndoa hiyo yalikuwa marefu kuliko yalivyo leo.