Kati Kovács na Ombi la Mvua

Ndugu msikilizaji, katika lugha yetu neno "bwana" lina kazi nyingi. Mke humwita mumewe bwana. Karani humwita mkubwa wake bwana. Muumini akipiga magoti humwita Mungu wake Bwana. Anayesikiliza hutambua ni bwana yupi anayetajwa kwa kuangalia mahali na wakati. Wahungaria nao wanalo neno la namna hiyo, "uram", nao hulitumia kwa mume, kwa mheshimiwa na kwa Mungu. Mwaka 1972 neno hilo liliimbwa katika televisheni ya Hungaria, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Kikomunisti, na wimbo wenyewe ukanyakua ushindi. Aliyeuimba ni Kati Kovács, na huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie wiki hii.

Kati Kovács alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1944 katika kijiji cha Verpelét, karibu na mji wa Eger, kaskazini mashariki ya Hungaria. Hiyo ni sehemu ya wakulima wa zabibu na tumbaku. Mwaka 1965 alijitokeza katika shindano la televisheni la kutafuta vipaji lililoitwa "Ki mit tud?", yaani "Nani anajua nini?", akashinda. Mwaka uliofuata televisheni ilianzisha tamasha la nyimbo za dansi, naye akapanda jukwaani na wimbo ambao jina lake ni sawa na kusema "Sitakuwa mwanasesere wako". Huo nao ulikuwa miongoni mwa nyimbo zilizoshinda. Hakuwa na sauti laini ya kubembeleza. Ilikuwa sauti nzito, yenye mkwaruzo, iliyowakumbusha watu waimbaji weusi wa Marekani.

Mwaka 1968 mwongozaji wa sinema Márta Mészáros alimchukua awe mhusika mkuu katika filamu yake ya kwanza ndefu ya hadithi. Kati aliigiza kama msichana aliyelelewa katika kituo cha watoto yatima, ambaye anakwenda kijijini kumtafuta mama yake mzazi. Mama anamkaribisha nyumbani, lakini mbele ya familia yake anamtambulisha kuwa ni mpwa wake. Katika nchi ambamo watu wengi walizoea kusema jambo moja sebuleni na jingine jikoni, kisa hicho hakikuhitaji maelezo marefu.

Tukumbuke hali ya siasa ilivyokuwa. Mwaka 1956 Wahungaria waliasi, na majeshi ya Kisovieti yakaingia na kuyazima maasi hayo. János Kádár akawekwa madarakani, na baada ya miaka ya adhabu kali alianza kulegeza kamba kidogo kidogo. Katika mambo ya utamaduni mtu aliyekuwa na kauli ya mwisho alikuwa György Aczél. Chini yake kazi za sanaa ziligawanywa katika mafungu matatu: zinazoungwa mkono, zinazovumiliwa na zilizopigwa marufuku. Kiwanda cha santuri kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa mali ya serikali. Redio na televisheni zilikuwa za serikali. Msanii aliyekosa kibali katika ofisi hizo alibaki kuimbia ukuta.

Dini nayo ilikuwa na ofisi yake. Mwaka 1948 serikali ilizitwaa shule za makanisa. Mwaka 1950 ikayavunja karibu mashirika yote ya watawa, na mwaka 1951 ikaunda Ofisi ya Mambo ya Makanisa ili kuwachunga maaskofu na mapadri. Kardinali József Mindszenty, mkuu wa Kanisa Katoliki nchini humo, alikimbilia ubalozi wa Marekani mjini Budapest mwaka 1956, akaishi humo miaka 15, hadi alipotoka Septemba 1971 kwenda uhamishoni. Milango ya makanisa haikufungwa, na mwaka 1968 vijana walipiga hata misa ya magitaa katika kanisa maarufu la Mátyás mjini Budapest. Lakini mambo ya kanisani yalitakiwa yabaki kanisani.

Sasa, mwaka uliofuata baada ya Kardinali kuondoka, ndipo Kati Kovács alipoimba "Add már, uram, az esőt!" katika tamasha la mwaka 1972. Muziki ulitungwa na Tibor Koncz na maneno yaliandikwa na Iván Szenes. Maana ya jina hilo ni "Tupe basi mvua, ee Bwana!" Ni sauti ya mtu aliyesimama juu ya nchi kavu akiinua uso mbinguni. Huyo Bwana ni nani? Mume hana mvua ya kumpa mtu. Mheshimiwa wa ofisini naye hana. Kila aliyeketi mbele ya televisheni jioni ile alijua ombi lile linaelekezwa wapi. Aliyezaliwa katika kijiji cha wakulima aliimba ombi ambalo mkulima yeyote duniani hulifahamu, na wimbo ukapata ushindi.

Wakubwa wa utamaduni waliuachaje upite? Ombi la mvua ni jambo la zamani kama kilimo chenyewe; lingeweza kuhesabiwa kuwa ngano ya kijijini, na mtunzi wake alikuwa mwandishi wa nyimbo za mapenzi na vichekesho, si mchochezi. Wimbo ukaangukia salama ndani ya uzio wa yaliyoruhusiwa.

Uzio huo, hata hivyo, ulikuwa na miiba. Mwaka 1973 mwimbaji mwingine mashuhuri, Zsuzsa Koncz, alitoa santuri iliyoitwa "Jelbeszéd", yaani "Lugha ya ishara". Ndani yake mlikuwa na wimbo wa János Bródy ambao wakubwa waliuona una vijembe vya kisiasa. Santuri ikaondolewa madukani. Ni mwaka mmoja tu baada ya ombi la mvua kushinda, na kiwanda kilikuwa kilekile. Ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa kuvumilia: aliyevumiliwa leo hakujua kesho yake.

Kati Kovács aliendelea. Mwaka huohuo wa 1972 alishinda tamasha la Dresden, Ujerumani Mashariki. Mwaka 1974 alishinda shindano la nyimbo la Castlebar, Ayalandi, na mwaka huo akatoa santuri pamoja na Locomotiv GT, bendi iliyokuwa ikitamba kwa muziki wa roki nchini mwake. Mfumo ule ulianguka mwaka 1989. Mwaka 2014 alitunukiwa Tuzo ya Kossuth, heshima kubwa kabisa ya utamaduni katika Hungaria.

Ndugu msikilizaji, baada ya tawala kuanguka huwa tunapenda kuwagawa wasanii mafungu mawili, mashujaa na vibaraka. Mgawanyo huo ni mwepesi mno. Kati Kovács hakufungwa wala santuri zake hazikuteketezwa. Alipanda jukwaa la serikali, akapokea zawadi za serikali. Tukitumia kipimo hicho peke yake tutasema hakufanya lolote. Lakini watoto waliofundishwa shuleni kwamba hakuna wa kuombwa walimsikia mwanamke akiomba, kwa sauti kuu, katika chombo cha serikali yenyewe, na wazazi wao hawakulazimika kushusha sauti ya televisheni ili jirani asisikie.

Ofisi ya Aczél iliweza kuhesabu santuri, kupima dakika za redio na kufuta mistari kwa kalamu nyekundu. Haikuweza kuingia ndani ya neno moja na kumwamulia msikilizaji ni bwana yupi aliyetajwa. Kwa hiyo tunapousoma wakati wa namna ile, tusiishie kwenye orodha ya nyimbo zilizopigwa marufuku. Tuzisikilize pia zile zilizoruhusiwa, na tuwaulize wazee waliozisikia siku zile kwamba wao walisikia nini.