Bwana Afya na Chupa ya Maziwa

Mwenye kuuza nyama au maziwa sokoni hafurahi sana amwonapo mkaguzi wa afya akija na daftari lake. Adhani anamletea hasara. Lakini mtu akiisha kushikwa na homa ya matumbo, ni vigumu kujua ni kikombe gani kilichomdhuru. Kwa hiyo yafaa mtu mwingine akitazame kikombe kabla hakijafika kinywani. Hiyo ndiyo kazi ya mkaguzi, ambaye Kenya walimwita Bwana Afya. Mmoja wao alikuwa Mkatoliki ambaye wengi wamjua kwa kazi nyingine: Tom Mboya.

Alizaliwa mwaka 1930. Baba yake alifanya kazi katika shamba la katani karibu na Thika. Alisoma katika shule za misioni, Yala na kisha Mang'u. Fedha za kuendelea na masomo zilipokosekana, mwaka 1948 aliingia chuo cha wakaguzi wa afya cha Nairobi, kilichofuata mafundisho ya Royal Sanitary Institute ya London. Uingereza nayo, baada ya vita, ilikuwa ikikaza sheria za usafi wa vyakula. Amri zake juu ya usafi wa maduka na mikahawa zilitolewa mwaka 1955.

Mwaka 1951 Mboya aliandikwa kazi na Halmashauri ya Mji wa Nairobi. Kazi ilikuwa moja na sheria moja, lakini mshahara haukuwa mmoja: Mwafrika alipata kama sehemu moja ya tano tu ya mshahara wa mkaguzi wa Kizungu. Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alikuwa peke yake akipima maziwa. Akaingia bibi mmoja wa Kizungu na chupa ya maziwa, akatazama huku na huku, akauliza kama kuna mtu humo. Mboya akamwuliza kama macho yake yana ugonjwa! Tena alifukuzwa mara kadhaa na Wazungu waliodai mkaguzi wa rangi yao, hata Halmashauri ikawashtaki baadhi yao kwa kuwazuia wakaguzi Waafrika kazini.

Basi, tufikiri. Maziwa machafu hayaulizi rangi ya mtu. Aliyemfukuza mkaguzi alimdharau mwenzake, na pia aliufungulia ugonjwa mlango. Lakini dharau hiyo ilikuwa na mizizi: mji wenyewe, kwa mishahara yake, ulikuwa umekwisha kusema kwamba mkaguzi Mwafrika ni mtu wa chini. Mboya aliungana na wenzake katika chama cha wafanyakazi kudai haki, akaendelea na kazi ya vyama na siasa mpaka alipouawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969.

Sisi wa Butembo na Beni tumeonja uchungu wa namna hiyo. Ebola ya miaka 2018 hadi 2020 iliua watu zaidi ya 2,200. Kwa sababu ya vita, hofu na uvumi, watu wengi hawakuwaamini wahudumu wa afya, na wengine walishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko aliuawa hospitalini hapa Butembo.

Sheria peke yake haisafishi chakula. Yahitaji kuaminiana, na kuaminiana huzaliwa na haki. Mwenye duka amfungulie mkaguzi mlango. Naye mkaguzi asipokee rushwa, asimwonee maskini anayeuza kidogo, wala asimwogope tajiri. Anayepima usafi wa wengine, naye aje na mikono safi.