Mechi 167 za Vitālijs Astafjevs

Iker Casillas alipoichezea Hispania kwa mara ya mwisho, mwaka 2016, alikuwa amesimama langoni mwa nchi yake mara 167. Kabatini alikuwa na Kombe la Dunia moja na mataji mawili ya Ulaya. Lakini idadi hiyo ya mechi haikuwa ngeni barani humo. Miaka sita kabla yake, kiungo mmoja mzaliwa wa Riga, mji mkuu wa Latvia, alikuwa ameiaga timu yake ya taifa akiwa na mechi zilezile 167. Mpaka Casillas alipomfikia, hakukuwa na mwanamume mwingine wa Ulaya aliyewahi kuitumikia nchi yake mara nyingi kiasi hicho. Jina lake ni Vitālijs Astafjevs, na ni haki yake kukumbukwa nje ya mipaka ya Latvia pia.

Alizaliwa Aprili 3, 1971, wakati Latvia ikiwa jamhuri mojawapo ya Umoja wa Kisovieti. Mwanasoka wa Riga wa enzi hizo hakuwa na timu ya taifa ya kwao ya kuiota. Jezi pekee ya kimataifa ilikuwa ile ya Moscow, na kijana wa Riga kuipata ilikuwa bahati nasibu. Latvia huru ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa na timu yake, tena si ya kubezwa. Oktoba 1937 ilifungwa na Austria mabao 2-1 mjini Vienna na kukosa Kombe la Dunia la 1938. Miezi michache baadaye Ujerumani ikaimeza Austria, nafasi ikabaki wazi, lakini Walatvia hawakuitwa kuijaza. Mwaka 1940 nchi yenyewe ikamezwa na Wasovieti.

Uhuru uliporudi mwaka 1991, Astafjevs alikuwa na miaka 20. Mwaka uliofuata alikuwa tayari amevaa jezi ya taifa, akaendelea kuivaa mpaka Novemba 2010. Karibu historia yote ya awali ya timu hiyo mpya ilipita miguuni mwake.

Klabu yake ilikuwa Skonto ya Riga, na Skonto ya miaka hiyo haikuwa na mpinzani nyumbani. Ilitwaa ubingwa wa Latvia mara 14 mfululizo, kuanzia 1991 hadi 2004. Ubabe wa namna hiyo huchosha watazamaji, na ligi isiyo na ushindani haimnoi mchezaji. Ila ulikuwa na faida moja kubwa. Kocha wa Skonto, Aleksandrs Starkovs, ndiye aliyekuja kuifundisha timu ya taifa, na wachezaji wengi aliowaita walikuwa wamepita mikononi mwake. Walijuana kama wanafunzi wa darasa moja. Wapo waliozungumza Kilatvia nyumbani na wapo waliozungumza Kirusi, katika nchi ambayo suala la lugha na uraia lilikuwa kidonda kibichi. Uwanjani walikuwa timu moja.

Astafjevs alipata msimu mmoja wa mkopo Austria Wien, kisha Januari 2000 akahamia Bristol Rovers ya Uingereza. Wenzake walikuwa wamepata au walikaribia kupata majina makubwa zaidi: Marians Pahars alikuwa Southampton, na Igors Stepanovs alisajiliwa na Arsenal mwaka huohuo. Yeye alikwenda ligi daraja la tatu. Mwaka 2001 Rovers wakashuka tena, hadi daraja la nne, naye akabaki nao mpaka 2003. Kwa hiyo kiungo tegemeo wa nchi nzima alikuwa akicheza Jumamosi kwenye viwanja vidogo vya mikoani Uingereza, kisha anapanda ndege kwenda kukabiliana na Sweden au Poland.

Na katika mechi hizo za taifa ndipo mambo yalipofanyika. Katika kuwania kufuzu Euro 2004, Latvia ilipangwa na Sweden, Poland, Hungary na San Marino. Ilikuwa nchi ya watu wapatao milioni 2.3, ambako mchezo unaojaza kumbi ni hoki ya barafuni. Si muda mrefu kabla ya hapo, Aprili 2001, ilikuwa imetoka sare na San Marino nyumbani, aibu iliyomwondoa kocha Mwingereza Gary Johnson na kumleta Starkovs. Safari hii waliishinda Poland 1-0 kwao Warsaw. Waliiponyoka San Marino kwa bao la kujifunga katika dakika za mwisho, bao ambalo lisingepatikana tusingekuwa na hadithi ya kusimulia. Kisha Oktoba 11, 2003, Māris Verpakovskis akaifunga Sweden bao pekee karibu na Stockholm, na Latvia ikamaliza ya pili.

Mchujo uliwakutanisha na Uturuki, walioshika nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia mwaka mmoja tu nyuma. Mjini Riga Latvia ilishinda 1-0. Katika marudiano ya Novemba 19 mjini Istanbul, İlhan Mansız na Hakan Şükür waliwapa wenyeji mabao mawili, uwanja ukarindima. Dakika mbili baada ya bao la Şükür, Juris Laizāns akapachika mkwaju wa faulo. Dakika ya 78 Verpakovskis akasawazisha. Jumla 3-2, na kwa mara ya kwanza nchi ya Baltiki ikafuzu fainali za Ulaya.

Nchini Ureno, Astafjevs alivaa kitambaa cha unahodha. Kundi lao lilikuwa la kutisha: Jamhuri ya Czech, Ujerumani, Uholanzi. Waliongoza dhidi ya Wacheki hadi mapumziko na zaidi kabla ya kulala 2-1. Waholanzi waliwachapa 3-0. Katikati ya vipigo hivyo viwili, Juni 19 mjini Porto, waliibana Ujerumani, washindi wa pili wa dunia, wakatoka suluhu. Pointi hiyo moja ndiyo pekee waliyorudi nayo, na hadi Euro 2024 hakuna nchi nyingine ya Baltiki iliyofika fainali hizo.

Baada ya Ureno alicheza Rubin Kazan ya Urusi, kisha akarejea Skonto. Mwaka 2007, akiwa na miaka 36, alichaguliwa tena mwanasoka bora wa Latvia, tuzo aliyoitwaa pia mwaka 1995 na 1996. Novemba 2009, katika mechi ya kirafiki ugenini Honduras, alifikisha mechi ya 158 na kuivunja rekodi ya Ulaya ya Martin Reim wa Estonia.

Wapo wanaosema rekodi za nchi ndogo ni rahisi, kwamba mchezaji asiye na mshindani hupewa namba bila jasho. Sikubaliani nao. Nchi ndogo hucheza mechi nyingi bila mpira, na anayekimbia zaidi katika mechi za namna hiyo ni kiungo wa kati. Mwili unaostahimili kazi hiyo kwa miaka 18 ni adimu, na moyo unaorudi kila baada ya kipigo ni adimu zaidi. Klabu kubwa hazikumwona. Latvia ilimwona kila ilipotangaza kikosi.

Mechi ya 167 ilikuwa dhidi ya China, Novemba 2010, akiwa na miaka 39. Gianluigi Buffon ndiye aliyekuja kuipita idadi hiyo mwaka 2017, kisha wakafuata Sergio Ramos na Cristiano Ronaldo. Nyumbani Riga, Skonto ilinyimwa leseni ya ligi kuu mwaka 2016 na kufilisika kabla mwaka haujaisha. Rekodi ya Latvia bado ni ya Astafjevs.